Nimesoma historia ya kanisa letu na ushuhuda umeniponyoka: nifanye nini?

"Mwalimu, habari ya kazi. Nilibatizwa nikiwa msichana katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nikahudumu misheni, na ndoa yangu ya miaka 16 iliunganishwa kwa milele, hata baada ya kifo, katika hekalu la Johannesburg. Mume wangu ni askofu wa kata yetu, yaani usharika wetu, hapa Nairobi. Mwaka jana nilipewa kufundisha darasa la historia ya kanisa. Nikijiandaa, nikakutana na mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: jiwe ndani ya kofia, mafunjo ya Ibrahimu yasiyomtaja Ibrahimu, wake zaidi ya 30 wa Joseph Smith, nabii mwanzilishi wa kanisa letu, mmoja wao wa miaka 14. Binti yangu ana miaka 14. Tangu hapo siwezi kusimama kutoa ushuhuda Jumapili ya mfungo. Jirani ananiambia kanisa letu ni la Freemason. Kwenye simu nimesoma kwamba Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu, kiliibwa kwa mtu aitwaye Spaulding, na kwamba Joseph alitokewa na salamanda, mnyama mithili ya mjusi, siyo malaika. Mwanangu anatimiza miaka 8 Novemba, na baba yake ndiye atakayembatiza. Nikisema, naivunja familia yangu ya milele. Nikinyamaza, nadanganya. Je, nimekuwa mwasi? Nifanye nini?"

Dada yangu, barua yako ina maswali mawili yaliyoingiliana. La kwanza ni la historia: nini hasa kilitokea New York, Ohio na Illinois hadi mwaka 1844, na kama bado unaweza kukiamini kuwa kazi ya Mungu. La pili liko sebuleni kwako na lina tarehe. La kwanza laweza kukuchukua miaka, na hakuna anayekukimbiza. La pili halisubiri. Nimeona watu wengi wakinyamaza hadi walimalize la kwanza, na kwa kuwa haliishi, siku ya ubatizo wa mtoto inafika hawajafungua mdomo.

Ujue ninaposimama: mimi si muumini wa kanisa lenu wala si mpinzani wake. Nafundisha historia ya dini, na nimekaa na wanandoa wengi ambao mmoja ameendelea kuamini na mwingine ameacha. Sikuvuti utoke, sikusukumi ubaki.

Nianze na neno linalokuchoma, mwasi. Kuna dhana imeenea kati ya waumini kwamba anayepoteza ushuhuda ana dhambi anaificha, au aliudhiwa na mtu, au aliacha kusali. Wewe ulikuwa unaandaa somo ulilopewa na kanisa lenyewe. Hata kwa kanuni za kanisa lako, uasi ni kulipinga kanisa hadharani, kwa makusudi na kwa kurudiarudia. Kusoma, kuhuzunika na kushindwa kusema "najua" mbele ya kata hakumo humo.

Sasa tupepete pumba, maana umebeba mizigo isiyo yako. Habari ya Spaulding iache. Ni kweli Solomon Spaulding aliandika hadithi, na kwa miaka mingi wapinzani walidai Joseph aliinakili. Mswada wake ukapatikana Honolulu mwaka 1884, watu wakausoma, na haufanani na Kitabu cha Mormoni. Wanahistoria wa leo, hata wasioamini, karibu wote wameliacha dai hilo. Habari ya salamanda nayo ilitoka kwenye barua ya kughushi. Aliitengeneza Mark Hofmann, muuza nyaraka wa Utah, na alipokaribia kuumbuliwa mwaka 1985 akaua watu wawili kwa mabomu. Bado inazunguka mitandaoni kama ushahidi.

Kuhusu Freemason, jirani ameshika nusu. Joseph alijiunga na chama hicho mjini Nauvoo, Illinois, Machi 1842, na Mei mwaka huohuo akaanzisha endaumenti, ibada ya hekaluni ambayo baadhi ya ishara na maneno yake yalifanana na ya Freemason. Wanahistoria wa kanisa hawalikani hilo. Lakini Freemason wa Illinois ya wakati ule walikuwa mawakili, wafanyabiashara na wanasiasa waliotafuta udugu na ngazi ya kupandia. Yule Freemason wa uvumi wa mitaani kwetu, anayetoa kafara ili apate gari, ni mtu mwingine kabisa.

Ukishatoa hizo pumba, kinachobaki ni kweli, na ni kizito.

Jiwe. Mashahidi wa karibu, akiwemo mkewe Emma na David Whitmer, walieleza kwamba Joseph aliweka jiwe kwenye kofia, akaifunika uso kuzuia mwanga, akatamka maneno ya Kitabu cha Mormoni huku mwandishi akiandika. Mara nyingi mabamba ya dhahabu aliyosema anayatafsiri yalikuwa yamefunikwa kitambaa au hayakuwepo mezani. Mwaka 2015 kanisa lilitoa picha ya jiwe lenyewe, la rangi ya kahawia, ukubwa wa yai. Kabla ya hapo Joseph alikuwa ametumia mawe ya aina hiyo kutafutia watu hazina zilizozikwa, na mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu huko New York kwa sababu hiyo. Waumini hujibu kwamba Mungu humtumia mtu kwa chombo anachokijua, na kwamba Biblia nayo ina Urimu na Thumimu, na kikombe cha Yusufu katika Mwanzo 44. Kwangu jibu hilo lina uzito wake: jiwe kwenye kofia si ajabu kuliko ile miwani ya mawe iliyofungwa kwenye dirii, ambayo alisema aliipata pamoja na mabamba. Kilichokuumiza nadhani ni ile picha ukutani ya Joseph akisoma mabamba yaliyo wazi mezani, uliyokua ukiitazama.

Mafunjo, yaani karatasi za kale za Misri, ni jambo gumu zaidi. Mwaka 1835 yaliletwa Kirtland, Ohio, pamoja na maiti nne za Kimisri zilizohifadhiwa, na vyote vikanunuliwa kwa dola 2,400. Joseph alitangaza kwamba kati yake kuna maandishi ya Ibrahimu, na kutoka hapo tukapata Kitabu cha Ibrahimu kilichomo katika Lulu ya Thamani Kuu, moja ya vitabu vyenu vitakatifu. Baada ya kifo chake iliaminika mafunjo yaliteketea katika moto wa Chicago wa 1871, ila mwaka 1967 vipande kadhaa vikaibuka katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kukabidhiwa kanisa. Wataalamu wa Misri ya kale walivisoma. Ni maandishi ya maziko, yakiwemo ya kuhani mmoja aliyeitwa Hor, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 1,000 baada ya enzi za Ibrahimu. Kanisa lenyewe, katika maelezo liliyochapisha mwaka 2014, limekubali kwamba vipande hivyo havimtaji Ibrahimu wala tukio lolote la kitabu chake.

Waumini wana majibu mawili. Moja ni kwamba sehemu iliyotafsiriwa ilipotea. La pili ni kwamba mafunjo yalimfungua tu Joseph apokee ufunuo ambao haukuwa umeandikwa humo. La kwanza linasumbuliwa na michoro: michoro mitatu imechapishwa ndani ya kitabu pamoja na ufafanuzi wa Joseph, na ufafanuzi huo haulingani na usomaji wa wataalamu. La pili haliwezi kukanushwa na mwanahistoria yeyote, kwa sababu limeshatoka kwenye eneo la ushahidi. Ukiniuliza jambo lipi la historia yenu ambalo majibu ya waumini yananiridhisha kidogo zaidi, ni hili.

Halafu wake. Makadirio ambayo kanisa linayakubali ni kati ya 30 na 40. Wengi walikuwa na umri wa miaka 20 hadi 40, baadhi wakiwa na waume walio hai. Helen Mar Kimball aliunganishwa naye Mei 1843, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 15, na aliyepanga ni baba yake Helen, Heber Kimball, mtume. Ushahidi kwamba waliishi kama mume na mke haupo. Maelezo ya kanisa yanadokeza kuwa kiapo kilikuwa cha milele peke yake, yaani cha maisha ya baada ya kifo tu. Alipokuwa mtu mzima Helen aliandika kuitetea ndoa ya mitala. Nakueleza hayo kwa sababu ni sehemu ya ukweli, na sitarajii yakutulize. Mama mwenye binti wa umri huo hasomi tarehe tu.

Sisi huku mitala haitushangazi. Babu zetu wengi walikuwa na nyumba mbili au tatu, na kila mtu alizijua. Kilichotokea Nauvoo kilikuwa cha siri. Emma hakuambiwa kuhusu wengi wa wanawake hao. Kina dada wawili wa ukoo wa Partridge waliunganishwa na Joseph bila Emma kujua. Baadaye Emma alipokubali wawe wake wenza, ibada ikarudiwa mbele yake kana kwamba ndiyo ya kwanza. Mwezi Mei 1844 Joseph alisimama hadharani akakanusha kuwa na wake wengi. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Juni, wapinzani waliotoka ndani ya kanisa, William Law akiwa mbele, walichapa gazeti la Nauvoo Expositor wakiyaanika hayo. Baraza la mji, Joseph akiwa meya, likaamuru mtambo wa gazeti uharibiwe. Kwa kesi iliyofuata alipelekwa jela ya Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la watu wenye silaha likamuua humo pamoja na kaka yake Hyrum. Kifo hicho ni mauaji ya kinyama, na mnapokiita kifo cha shahidi hamjakosea kuomboleza. Lakini kinaanzia kwenye gazeti lililosema jambo la kweli. (Na leo, Kenya ambako sheria ya ndoa ya 2014 inatambua mitala ya kimila, mwanamume mwenye wake wawili haruhusiwi kubatizwa katika kanisa hilohilo.)

Simulizi tofauti za Ono la Kwanza, yaani Joseph alivyosimulia kutokewa na Mungu ujanani, hazinisumbui sana. Ile ya 1832 inamtaja Bwana peke yake, ya 1838 inawataja Baba na Mwana, na wapinzani wamelikuza jambo hili kupita kipimo. Watu husimulia tukio kuu la maisha yao kwa namna tofauti kadiri miaka inavyopita.

Kuna moja hukuliuliza, na kwa kuwa wewe ni Mwafrika utakutana nalo. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, Joseph akiwa hai. Brigham Young, aliyeongoza kanisa baada ya Joseph, ndiye aliyetangaza katazo la watu weusi kupewa ukuhani mwaka 1852, nalo likadumu hadi Juni 1978. Nigeria na Ghana kulikuwa na watu waliokwisha kuamini, wakiandika barua makao makuu ya kanisa, Salt Lake City, miaka mingi, na hawakubatizwa mpaka katazo lilipoondolewa. Anthony Obinna wa Nigeria alibatizwa Novemba 1978. Mwaka 2013 kanisa lilizikana sababu zote zilizowahi kutolewa kuhalalisha katazo lile, ikiwemo ile ya ngozi nyeusi kuwa laana. Halikusema waziwazi kwamba katazo lenyewe lilikuwa kosa.

Sasa kwa nini vitu vitatu au vinne vimekubomolea kila kitu? Ushuhuda ulivyofundishwa kwenu ni kama shanga kwenye uzi mmoja. Ukihisi amani unaposoma Kitabu cha Mormoni, basi kitabu ni cha kweli. Kikiwa cha kweli, Joseph ni nabii. Akiwa nabii, kanisa ndilo la kweli, na hekalu, na ndoa ya milele. Gordon B. Hinckley, rais wa kanisa wakati huo, alisema mwaka 2003 kwamba ama kanisa ni la kweli ama ni ulaghai, na katikati hakuna pa kusimama. Mpangilio huo una nguvu sana mambo yakiwa sawa. Uzi ukikatika mahali pamoja, shanga zote ziko sakafuni, hata zile ambazo hazikuwa na kosa: sala zako, mapenzi ya mumeo, siku ulizokesha na wagonjwa wa kata.

Kuna hasara ya pili chini yake. Ulifundishwa kwamba ule moto kifuani ndiyo njia ya kujua ukweli. Sasa hujui kama uuamini moyo wako katika jambo lolote. Ndiyo maana wengi walio katika hali yako husoma hadi usiku wa manane, video baada ya video, wakitafuta mtu mwingine wa kuwaambia kwa uhakika uleule wa zamani. Punguza. Mambo ya 1843 hayatabadilika ukilala saa nne.

Nawe utakuwa unajiuliza kwa nini hukuambiwa. Ile simulizi ya 1832 ya Ono la Kwanza ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Miaka ya 1970 idara ya historia ya kanisa, chini ya Leonard Arrington, ilifungua nyaraka kwa kipindi, kisha viongozi wakaogopa. Septemba 1993 wasomi na waandishi sita waliadhibiwa kwa pamoja, wengi wao wakitolewa kanisani. Intaneti ilipofika, kufungia haikuwezekana tena, na kati ya 2013 na 2015 kanisa likachapisha maelezo juu ya mambo haya magumu. Kwa hiyo kusema "kanisa linaficha" leo si sahihi. Kusema kwamba kwa vizazi viwili au vitatu halikuwafundisha waumini wake hayo ni sahihi. Wale wamisionari vijana wa miaka 19 waliokufundisha kibarazani karibu hakika hawakuwa wanajua. Mumeo pia huenda hajui. Likumbuke hilo kabla ya kuzungumza naye, kwa sababu hasira yako itatafuta mtu wa karibu, na wa karibu ni yeye.

Zungumza naye kabla ya Novemba, wiki nyingi kabla. Chagua siku isiyo Jumamosi usiku wala Jumapili, wakati hana mikutano ya uaskofu. Umwombe kwanza akusikilize kama mume, joho la uaskofu aliache nje, na usichotaka kiandikwe au kifike kwa rais wa kigingi, kiongozi wa kata kadhaa, asikipeleke. Kisha mwambie kilichokupata: hofu, usingizi, upweke. Usimpe viungo vya intaneti, usimsomee kuhusu Hor wala Helen usiku huo. Ukianza na ushahidi, ataanza na utetezi, na mtakuwa mawakili wawili kitandani. Akitaka kujua ulichosoma, aanze na maelezo ambayo kanisa lake mwenyewe limechapisha. Na tafadhali asigundue kwa sufuria ya chai, kinywaji ambacho kanisa lenu linakikataza. Nimeona nyumba ambako mke aliacha kuamini kwa sababu nzito, akaanza kunywa chai jikoni bila kusema lolote, na ugomvi wote ukawa wa majani ya chai.

Kuhusu mtoto, una nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Kanisa linataka idhini ya wazazi kabla ya kumbatiza, na mtoto wa waumini anaweza kubatizwa wakati wowote kabla ya kutimiza miaka 9 bila kuhesabiwa mwongofu mpya. Kuahirisha kwa miezi kadhaa si kukataa, na unaweza kumpendekezea mumeo hivyo. Mnaweza pia kukubaliana abatizwe Novemba, ukaketi mbele na kumkumbatia akitoka majini, bila kutoa hotuba ya kile usichokiamini. Usichopaswa kufanya ni kumtumia mtoto kama mjumbe wa ugomvi ambao baba yake hajaambiwa. Binti yako wa miaka 14 ni jambo jingine. Yeye ataona na atauliza. Mjibu kwa ufupi na kwa ukweli, na umwambie mapema kwamba baba yake na wewe mmeshazungumza, mkiwa mmezungumza kweli.

Kibali cha kuingia hekaluni kina swali kuhusu ushuhuda wa Urejesho, yaani imani kwamba kanisa la Kristo lilirudishwa kupitia Joseph, na hapo ndipo unapoogopa kudanganya. Kikiisha, unaweza kutokwenda kukihuisha kwa muda. Ukiamua kwenda, omba kuhojiwa na mshauri wa uaskofu, siyo mumeo. Mwito wa kufundisha historia omba upumzishwe. Watu huomba hivyo kila mwezi kwa sababu za kila aina.

Mbele kidogo kuna njia kadhaa, na kila moja ina bei. Wapo wanaobaki kwa imani iliyobadilika: nabii anayekosea, maandiko yenye thamani ingawa si historia. Ni njia halali, ila ni ya upweke katika kata ambako kila mtu husema "najua". Wapo wanaobaki kwa ajili ya familia na watu tu, na baadhi huchoka baada ya miaka michache. Wapo wanaojitenga polepole. Wapo wanaoandika barua ya kuondoa majina yao, na hapo ufahamu kwamba kwa mafundisho ya kanisa baraka za ubatizo na kuunganishwa hekaluni huondoka pia. Kwa mume anayeamini hilo huuma kama talaka. Kisheria si talaka. Ndoa yenu iliyosajiliwa inabaki ilivyo hata ukifanya lipi. Mwaka huu usiandike barua yoyote. Na jihadhari na mchungaji wa kanisa jingine atakayekupokea kwa furaha kubwa mno: mtu aliyetoka kwenye uhakika mmoja hununua wa pili kwa haraka, kwa bei yoyote.

Kuna hali ambazo jibu la maandishi halitoshi. Ikiwa usingizi au hamu ya chakula vimekupotea kwa zaidi ya wiki mbili, ikiwa moyo unakwenda mbio kila ukivuka mlango wa kanisa, ikiwa nyumbani kuna kipigo au umetishwa kunyang'anywa watoto, mwone mnasihi ana kwa ana, na kwa vitisho vya watoto mwone wakili pia. Ikiwa umewahi kufikiri heri ufe, nenda hospitali iliyo karibu leo, ukifuatana na mtu unayemwamini, usingoje miadi. Unapomchagua mnasihi, muulize kabla ya kikao cha kwanza kama ni muumini wa kanisa lenu au ana ugomvi nalo, na kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mtafute mwingine. Mumeo akikubali kuja, mwendeni wote wawili. Nimeona mazungumzo ya namna hii yakienda vizuri zaidi kunapokuwa na mtu wa tatu chumbani ambaye hana kata.